Leza na mkono wa molekuli: maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Dar es Salaam, na nyingi zinauliza kuhusu molekuli za kulia na za kushoto, na mwanga unaozitambua. Zilizofanana tumeziunganisha.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Temeke. Tumefundishwa kwamba molekuli nyingine zina pacha wa kwenye kioo: atomi zilezile, zimeungana vilevile, ila moja ni ya kulia na nyingine ya kushoto. Nasikia siku hizi kuna leza yenye umbo maalumu inayoweza kuzitofautisha. Mwanga unajuaje kulia na kushoto?

Marahaba. Chukua kandambili ya kulia. Kwenye mizani inalingana na ya kushoto, rula inasoma sawa, na ukiizamisha kwenye ndoo maji yanapanda kiasi kilekile. Tofauti inajitokeza pale tu unapoleta mguu. Kitu kisicho na mkono hakiwezi kuubaini mkono wa kingine. Molekuli hizi zinaitwa za kairali, na mapacha wake wana kiwango kimoja cha kuchemka, uzito mmoja na rangi moja, mpaka wakutane na kitu chenye mkono: kimeng'enya, kipokezi cha harufu puani, au mwanga uliotengenezwa hivyo. Karvoni ya mkono mmoja inanukia mnanaa, ya mkono wa pili inanukia kisibiti.

Mwanga wenye mkono uliozoeleka ni ule uliopolaraizwa kwa duara. Mwale unasonga mbele huku mshale wa uga wake wa umeme ukizunguka, kwa hiyo ukiuchora hewani unapata umbo la skrubu. Kuna skrubu ya kulia na ya kushoto, na ungetegemea hilo litoshe. Halitoshi, kwa sababu ya ukubwa. Mwanga wa njano wa taa ya sodiamu una urefu wa wimbi wa nanometa 589, na huo ndio umbali wa mzunguko mmoja wa skrubu. Molekuli ndogo kama kafuri haifiki hata nanometa moja. Hapo ilipo haioni skrubu yoyote. Inaona mshale unaozunguka kwenye bapa. Na duara bapa halina mkono: lipindue, linageuka kuwa la upande wa pili.

Kwa hiyo tofauti inayobaki kati ya kulia na kushoto inategemea sehemu ya sumaku ya mwanga na mabadiliko madogo sana ya uga kutoka upande mmoja wa molekuli hadi mwingine. Ukipima kiasi cha mwanga kinachofyonzwa, pacha wa kulia na wa kushoto wanatofautiana kwa sehemu moja katika elfu, mara nyingi hata moja katika laki moja. Udhaifu huohuo ndio sababu kipimo cha kale, cha kuangalia molekuli zinageuza uelekeo wa mtetemo wa mwanga kwa pembe gani, kilichoanza na Jean-Baptiste Biot huko Ufaransa tangu 1815, kinataka mrija mrefu na gramu nyingi za sampuli.

Wanafizikia wamelikwepa tatizo hilo kwa njia zaidi ya moja. Ya kwanza ni kuacha kuuliza mwanga kiasi gani umefyonzwa, na badala yake kutazama elektroni zinatoka kuelekea wapi. Ukiipiga molekuli ya kairali kwa mwanga wa duara hadi itoe elektroni, elektroni nyingi zaidi hutoka mbele, kwa uelekeo wa mwale, kuliko nyuma, au kinyume chake. Badilisha pacha, au badilisha mkono wa mwanga, na mbele inakuwa nyuma. Tofauti hiyo inaweza kufika asilimia kumi, kwa sababu haitegemei sumaku kabisa. Burke Ritchie aliitabiri mwaka 1976. Ilionekana kwa mionzi ya sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni ili zitoe mwanga, mwaka 2001. Na mwaka 2012 kundi la Kassel, Ujerumani, likaipata kwa leza ya mezani, wakitumia kafuri na fenkoni, molekuli mbili za kairali.

Njia ya pili ndiyo uliyoisikia, na kwetu ndiyo yenye werevu zaidi: kubadilisha umbo la mwanga wenyewe. Mwaka 2019 wanafizikia David Ayuso, Olga Smirnova, Misha Ivanov na wenzao walionyesha kwa mahesabu kwamba unaweza kuchanganya miale ya rangi mbili, moja ikiwa na mitetemo maradufu ya nyingine, ikutane kwa pembe. Pale inapokutana, ncha ya mshale wa uga wa umeme haizunguki tena kwenye bapa. Inachora mchoro uliofungwa wenye pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Na mchoro huo wenyewe una mkono. Molekuli haihitaji tena kuhisi umbali wa nanometa mia kadhaa, kwa kuwa skrubu sasa imechorwa kwa wakati, papo hapo ilipo.

Elektroni za molekuli zinapotikiswa na mwanga mkali wa namna hiyo hutoa mwanga mpya wenye mitetemo mara mbili, tatu, kumi au zaidi ya ule wa mwanzo. Huo tunauita mwanga wa hamoniki. Katika hamoniki za namba shufwa, mawimbi mawili hukutana: moja ni lile ambalo molekuli yoyote ingelitoa, la pili hutoka kwa sababu ya mkono tu, na hugeuka alama ukibadilisha pacha. Kwa pacha mmoja yanajumlishana, kwa mwingine yanapunguzana. Ukilinganisha ukubwa wake vizuri, pacha mmoja anang'aa na mwenzake anazimika kabisa.

Nafundisha fizikia kidato cha tano, Mbagala. Shule haina polarimita, kifaa cha kupima pembe ambayo mtetemo wa mwanga unageuzwa. Nitawaonyeshaje wanafunzi molekuli zenye mkono zikigeuza mwanga, bila gharama kubwa?

Mwalimu, vifaa vyako vipo kwenye meza ya fundi simu. Unahitaji simu, glasi ya kioo iliyonyooka yenye kitako bapa na kipenyo cha kama sentimita 5.5, kipimapembe, gramu 125 za sukari nyeupe, na kipande cha karatasi ya polaraiza, inayopitisha mwanga unaotetemeka kwa uelekeo mmoja tu. Hii ya mwisho hubanduliwa kwenye skrini za kompyuta zilizovunjika. Mafundi wa Kariakoo, mtaa wa Aggrey na jirani zake, wanazitupa.

Yeyusha sukari kwenye maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji mpaka jumla ifike mililita 250. Zingatia hapo: usipime mililita 250 za maji ukamwagia sukari. Ukifanya hivyo utapata karibu mililita 330, na pembe itakayotoka itakuwa ndogo kwa robo nzima. Koroga hadi mistari inayopepea ndani ya maji iishe, acha ipoe na mapovu yatoke.

Fungua picha ya kijani kitupu kwenye simu, ongeza mwangaza hadi mwisho, zima taa za darasa. Weka glasi juu ya skrini ikiwa na maji matupu, tazama kutoka juu kupitia karatasi ya polaraiza, na izungushe mpaka kijani kififie kabisa. Weka alama ya sifuri. Sasa mwaga maji, weka maji ya sukari hadi kina cha sentimita 10 kamili. Kijani kitarudi. Zungusha karatasi kufuata mwelekeo wa mishale ya saa hadi giza lirejee. Utasoma karibu nyuzi 39. Kwa picha nyekundu utapata chini ya 30, na kwa bluu karibu 60, kwani wimbi fupi hugeuzwa zaidi. Ndiyo maana picha nyeupe haifai kupimia: badala ya giza utaona rangi zikipokezana. Lakini waonyeshe hata hiyo, inapendeza.

Mwanafunzi makini atauliza: tumejuaje kwamba ni 39 kulia na si 141 kushoto? Punguza kina hadi sentimita 5. Kama ni 39, itashuka hadi karibu 20. Ingekuwa 141 kwa kushoto, ungekuta giza kwenye nyuzi 70 hivi.

Mambo yanayoharibu: glasi ya plastiki, kwa kuwa mikazo iliyobaki ndani yake tangu kiwandani hugeuza mwanga yenyewe, kinga ya plastiki iliyobandikwa kwenye simu, kwa sababu hiyohiyo, sukari ya kahawia, inayofyonza mwanga, na simu chache ambazo skrini yake haifikii giza hata bila glasi. Hizo za mwisho huna la kufanya ila kuazima nyingine. Usahihi wako utakuwa nyuzi moja au mbili, na hizo zinatosha kuona kwamba pembe inalingana na kina na kiasi cha sukari.

Wakikuletea leza ya pointa, iache mfukoni. Nukta yake ni kali mno kuhukumu giza kwa jicho, na zile za bei chee mara nyingi zina nguvu kuliko lebo inavyosema.

Ni fundi sanifu wa maabara, Ubungo. Maelezo ya jumla kuhusu mwanga wa kairali ninayo. Naomba mpangilio wenyewe: sehemu, vipimo, na kinachokwamisha.

Chanzo ni leza ya yakuti samawi yenye titani: nanometa 800, mapigo ya femtosekunde 35 (femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni bilioni), mapigo 1,000 kwa sekunde, milijuli 1 kwa pigo. Milijuli nzima huihitaji. Sehemu ya kumi yake ikikusanywa kwenye doa lenye nusu kipenyo cha mikromita 50 inakupa karibu wati trilioni 36 kwa sentimita ya mraba, na hapo molekuli ndogo zinaanza kutoa hamoniki vizuri. Ukizidisha mara kumi, gesi yote ya molekuli unazopima inaionika, yaani inapoteza elektroni. Elektroni huru zinavuruga mwale na ishara inafifia badala ya kukua. Wengi wakiona ishara ndogo hukimbilia kuongeza nguvu. Tungeshauri uipunguze kwanza, uone.

Rangi ya pili, nanometa 400, hutoka kwenye fuwele ya bariamu borati iliyokatwa kwa nyuzi 29.2, unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Ukitumia nene zaidi, pigo la 400 linarefuka na kuachwa nyuma na la 800. Fuwele ya aina ya kwanza ina faida moja ya bure: mwanga wa 400 hutoka ukiwa umepolaraizwa kwa pembe mraba na ule wa 800, na hivyo ndivyo unavyotaka. Gawa mwale uliochanganyika kuwa miwili, uikutanishe tena kwenye gesi kwa pembe ya nyuzi chache kila upande. Uga wa 800 uwe ndani ya bapa la miale hiyo miwili, na wa 400 usimame wima juu ya bapa hilo. Kwa kuwa miale imeinama, nyuga mbili za 800 zikijumlishwa zinatengeneza duaradufu ndani ya bapa. 400 inaongeza upande wa tatu. Mchoro wako wa kairali umekamilika. Rangi ya 400 iwe hafifu kuliko ya 800.

Sasa kiini cha tabu yote: fezi kati ya rangi hizo mbili, yaani jinsi vilele vya wimbi la moja vinavyopishana na vya nyingine, ndiyo inayoamua mkono. Ukiisogeza 400 kwa nusu ya wimbi lake, yaani nanometa 200 tu, mwanga wa kulia umekuwa wa kushoto. Chuma cha sentimita 10 kinarefuka nanometa 1,200 kwa nyuzijoto moja. Ukiwa umepitisha 800 njia moja na 400 njia nyingine, kila kiyoyozi kikiwaka na kuzima mkono wa mwanga unageuka mara kadhaa, na wastani wa kipimo chako ni sifuri. Dawa ni kuzipitisha rangi zote njia moja kuanzia kwenye fuwele, na kurekebisha fezi kwa jozi ya kabari za kioo cha silika: kuongeza mikromita 12 za kioo kunageuza mkono, kwa sababu 400 inapungua mwendo zaidi ya 800 ndani yake. Kwa kabari ya nyuzi 4 hiyo ni kuisukuma karibu mikromita 170, kazi ya skrubu ya kawaida ya maabara. Hata hewa imo: sentimita mbili na nusu hivi za hewa zinafanya kazi ileile. Kwa hiyo ukishapata fezi usisogeze lenzi, na funika njia ya mwale.

Dirisha la chumba cha ombwe nalo linahesabika. Milimita moja ya silika inazitenganisha rangi kwa zaidi ya femtosekunde 100, wakati pigo lako lote ni 35. Kabla ya dirisha, weka bamba la fuwele ya kalsaiti ili 400 itangulie kiasi hichohicho, zikutane sawa kwenye gesi.

Gesi hutoka kwenye tundu dogo ndani ya ombwe, na ombwe haliepukiki: hamoniki ya kumi ya nanometa 800 ni nanometa 80, mwanga ambao hewa huumeza wote. Molekuli inayopendwa na wengi ni propilini oksaidi, kwa udogo wake. Kwa Dar es Salaam iangalie kwa makini, maana huchemka kwenye nyuzijoto 34. Mchana wa Februari chupa isiyo kwenye jokofu ni kama chupa ya gesi. Inashika moto upesi na inashukiwa kusababisha saratani, hivyo ifunguliwe kwenye kabati lenye feni ya kutoa hewa. Fenkoni na kafuri ni salama zaidi, ila lazima bomba lipashwe joto njia nzima, na sehemu ya joto zaidi iwe kwenye tundu. Ukikosea, kafuri inaganda hapo na kuziba.

Bariamu borati inavuta unyevu. Kwa hewa yetu ya pwani, fuwele iliyoachwa wazi inapata ukungu usoni na doa la mwale linaanza kutawanyika. Ihifadhi kwenye sanduku kavu, na chumba kisizidi nusu ya unyevu kamili hata usiku. Umeme ukikatika, kinachoumia kwanza ni pampu za ombwe na ulinganifu wa leza. Betri ya dharura ielekeze huko, kompyuta baadaye.

Halafu vipimo vya uaminifu, ambavyo ripoti isiyo navyo hatuiamini. Zungusha fezi taratibu: hamoniki shufwa ipande na kushuka. Weka pacha wa pili: inapopanda ishuke. Weka mchanganyiko wa nusu kwa nusu: sehemu inayotokana na mkono itoweke. Ukiona tofauti kwenye nusu kwa nusu, hiyo inatoka kwenye vifaa vyako. Na kabla ya yote, ipime sampuli yenyewe kwa polarimita. Kafuri nyingi ya viwandani hutengenezwa kutoka tapentaini na ni nusu kwa nusu. Ya asili, gramu 10 ndani ya mililita 100 za ethanoli kwenye mrija wa sentimita 10, inageuza karibu nyuzi 4.4 kulia. Ikisoma sifuri, umeokoa wiki nzima ya leza.

Nimemaliza chuo, naishi Kimara. Kuna pia mwanga "uliosokotwa". Je, ni kitu kilekile?

Hapana, ila vimeunganishwa. Mwanga uliosokotwa una sura ya wimbi inayozunguka mhimili wa mwale kama ngazi ya mzunguko, na katikati yake ni giza; ukiuelekeza ukutani unaona pete. Mwaka 1992 Les Allen na wenzake wa Leiden walieleza kwamba mwanga huo hubeba mzunguko wake, tofauti na ule wa polaraizesheni. Unautengeneza kwa bamba la kioo lenye unene unaopanda kwa kuzunguka, au kwa skrini ya fuwele-maji inayochelewesha mwanga pikseli kwa pikseli. Msokoto peke yake hausaidii sana, kwa sababu ngazi hiyo nayo ni kubwa mno kwa molekuli.

Mwaka 2024 baadhi ya watafiti tuliowataja juu, pamoja na wengine, walichapisha njia ya kuunganisha viwili hivyo. Miale miwili iliyopolaraizwa kwa duara, mmoja ukiwa na mitetemo maradufu ya mwingine, ikizunguka kinyume, yote imesokotwa, inakusanywa kwenye doa dogo sana. Kukusanya huko ndiko kunakozaa upande wa tatu wa uga, ule wa kuelekea mbele. Ukitumia lenzi ya masafa marefu hupati kitu. Sasa mkono wa mwanga unabadilika kadiri unavyozunguka pete: hapa kulia, pale kushoto, tena kulia. Idadi ya mabadiliko hayo ni namba kamili, inatokana na misokoto uliyochagua, na haiyumbi leza ikipungua nguvu kidogo.

Hamoniki inayotoka inakuwa pete yenye vidoa vya mwanga. Badilisha pacha, na vidoa vinahamia kwenye nafasi zilizokuwa na giza: vikiwa sita, picha nzima inazunguka nyuzi 30. Kupima kidoa kiko wapi ni rahisi kuliko kupima kinang'aa kiasi gani, na hapo ndipo tunapoipenda njia hii. Mchanganyiko ukikaribia nusu kwa nusu vidoa vinafifia, kwa hiyo tofauti kati ya kidoa na giza inakuambia pacha mmoja amezidi kwa kiasi gani. Kinachoharibu picha mara nyingi ni mwale usiopita katikati kabisa ya bamba la msokoto: pete inakuwa nene upande mmoja, na jicho linadhani limeona kidoa.

Mimi ni mfamasia, Sinza. Je, haya yananihusu? Nawezaje kujua dawa ninayouza ina pacha sahihi?

Yanakuhusu, ila leza ya femtosekunde si jibu lako. Ethambutoli ya kifua kikuu ni mfano mzuri: pacha mmoja ndiye dawa, mwenzake karibu hana nguvu dhidi ya bakteria. Kipimo cha kifamasia cha chumvi yake ni mgeuko mahsusi (nyuzi ambazo gramu moja kwa kila mililita ingegeuza kwenye mrija wa sentimita 10; + ni kulia, - ni kushoto) wa +6 hadi +7. Kwa gramu 10 ndani ya mililita 100 na mrija wa sentimita 10, hiyo ni nyuzi 0.6 hadi 0.7 tu. Inahitaji polarimita inayosoma mia ya nyuzi, taa ya nanometa 589, na joto lililodhibitiwa. Vidonge vyenyewe vina wanga na sukari za kujazia, nazo zinageuza mwanga. Ukisaga kidonge na kukiyeyusha hivihivi, huenda unapima kijazio.

Kwa ibuprofeni usihangaike. Vidonge vingi ni nusu kwa nusu kwa makusudi, vinasoma sifuri, na mwili hubadilisha sehemu kubwa ya pacha asiyefanya kazi kuwa anayefanya. Thalidomaidi, iliyoleta ulemavu wa watoto mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, hubadilika ndani ya mwili kwenda pande zote mbili. Kuuza pacha mmoja kusingewaokoa wale watoto. Ukiwa na shaka na shehena, utaratibu ni kuiweka kando na kuripoti TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Maabarani uchunguzi wa mapacha hufanywa kwa kromatografia yenye safu ya kairali, yaani kuwatenganisha kwa kuwapitisha kwenye mrija uliojazwa kitu chenye mkono, kazi ambayo leza haijaipokonya.

Habari za kazi. Nauza asali ya Tabora hapa Tandika, na wateja wanasema tunachanganya sukari. Nimesikia mwanga unaweza kunitetea. Kweli?

Kwa kiasi, ndiyo. Asali ya maua ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na fruktosi hugeuza mwanga kushoto kwa nguvu zaidi (mgeuko mahsusi karibu -92) kuliko glukosi inavyougeuza kulia (+52.7). Kwa hiyo asali halisi kwa kawaida inasoma upande wa kushoto. Sukari ya miwa ni +66.5, inavuta kulia.

Mpe mwenye polarimita gramu 20 za asali zilizopimwa kwa mizani ya gramu 0.1, azijaze maji hadi mililita 100, achuje, na aache hadi kesho yake. Kulaza huko ni lazima: glukosi iliyotoka tu kwenye chembe zilizoganda inasoma +112 na hushuka polepole hadi 52.7, kwa hiyo asali iliyopimwa papo hapo inaweza kuonekana mbaya bure. Asiyeweza kusubiri anatia tone la amonia. Mrija uwe wa sentimita 20. Tuseme asali yako ina mgeuko mahsusi wa -15: itasoma -6. Robo yake ikiwa sukari ya miwa, itasoma karibu +2. Tofauti hiyo hata chombo cha kawaida kinaiona. Njia ya simu na glasi tuliyompa mwalimu haiaminiki kwa pembe ndogo namna hii, na rangi ya asali inaongeza tabu.

Kipimo hiki hakimkamati anayechanganya sukari iliyokwisha kuvunjwa kwa asidi, maana hiyo nayo inasoma kushoto. Wala usikitumie kwa asali ya nyuki wadogo wasiouma, ambayo sukari zake ni tofauti. Kwa mteja mkubwa anayetaka uhakika, omba maabara ipime uwiano wa kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida: miwa na mahindi vina uwiano tofauti na miti ya miombo ambayo nyuki wa Tabora wanaichuma, na kuvunja sukari kwa asidi hakuubadilishi. Peleka sampuli mbili kutoka ndoo moja, zote zimefungwa na kutiwa sahihi, na moja ibaki kwako.